Wembe Huanzia kwa Anayenyoa

Mdogo wangu alijifunza kunyoa jela. Nasema hivi moja kwa moja kwa sababu nyumbani kwetu jambo hilo lilizungushwa mno. Mama aliwaambia wateja wake wa vitumbua kwamba mwanawe "amepata ufundi huko alikokuwa", na ukimsikia ungedhani kijana alikuwa Ulaya. Mimi sina kipaji cha kuzungusha maneno. Ni fundi cherehani mwenye ulimi mkali, na wateja wangu walinivumilia kwa ajili ya mishono.

Ilikuwa ile miaka maduka ya Kariakoo yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona sabuni za rangi tatu kwenye duka moja, na hatukujua tuchague ipi. Mitumba ikamwagwa barabarani, na kila kijana mwenye miguu miwili akawa mfanyabiashara. Mdogo wangu alitandika turubai Mtaa wa Kongo akauza suruali. Siku moja mtu akamletea mzigo wa suruali mpya kabisa, zikiwa bado na karatasi zake, kwa bei ambayo ingemwamsha yeyote aliyelala. Yeye hakuamka. Zilikuwa za wizi. Aliyemuuzia hakuonekana tena hadi leo, na mdogo wangu akafungwa miaka miwili.

Tulipoenda kumwona, Mama alibeba mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Mdogo wangu alikula kwa adabu, halafu akaomba wembe. Kila tulipoenda aliomba wembe, na kila tulipoenda askari alitukatalia, na alikuwa na haki ya kutukatalia. Kichwa chake kilikuwa na vidonda vidogovidogo kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso. Mama alidhani ni kunguni. Njia nzima ya kurudi aliwalaani kunguni wa serikali.

Baadaye, alipotoka, ndipo aliponieleza. Huku nje nyembe zilikuwa zimejaa kila genge, lakini kule ndani wembe mmoja ulikuwa mali ya selo nzima. Waliuvunja katikati, wakauyeyushia kwenye mpini wa mswaki, na ukazunguka kichwa kwa kichwa, kidevu kwa kidevu. Ukianza kuwa butu, waliunoa sakafuni ukaendelea na kazi. Sindano nayo ilikuwa moja, ya kuchorea ngozi kwa masizi. Kwenye mkono wake wa kushoto alirudi na neno MAMA, herufi zimepinda. Mama alipoliona alilia, kisha akamkaripia kwa kuharibu mwili aliopewa na Mungu, kisha akalia tena.

Na kulikuwa na sheria. Fikiria watu waliokwaruzana jana kwa sababu ya blanketi, leo mmoja amshikie mwenzake wembe shingoni. Nani atainamisha kichwa? Basi nyapara wao aliweka utaratibu kwamba anayenyoa aanzie kwake. Aupitishe wembe kwenye kidevu chake mwenyewe kwanza, anayenyolewa aone kwa macho yake kwamba hauna hila, kisha ndipo ainamishe kichwa. Mdogo wangu alikuwa na mkono mwepesi, akawa ndiye kinyozi wa selo. Alinieleza hayo kwa fahari. Nadhani ndiyo heshima ya kwanza aliyowahi kupewa na wanaume wenzake.

Nje hakuna aliyempa heshima yoyote. Mama alimwingiza kwa mlango wa uani, akamfukizia ubani, akamvalisha kanzu mpya. Majirani wa barazani wakaitikia salamu zake huku wakitazama pembeni. Wapangaji wetu, watu tuliokula nao sahani moja, walianza kuanua nguo kabla hazijakauka. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya suruali haachwi peke yake na suruali. Nilimgombeza mpangaji mmoja uani mpaka akahama, lakini huwezi kugombeza mtaa mzima.

Akaweka kiti ukutani, kwenye uchochoro wa nyuma ya sokoni, akatundika kioo kilichovunjika kona. Wateja wake wa kwanza walikuwa wale aliokuwa nao ndani, ambao sasa walibeba magunia sokoni. Mmoja alikuwa jibaba la miraba minne ambaye angeweza kubeba gunia na mwenye gunia. Saluni za mashine zilikuwa zimeanza kufunguliwa, lakini mgao wa umeme ulipoanza mashine zikanyamaza, na watu wenye suti wakajikuta kwenye kiti cha mdogo wangu.

Mimi nilijifungua mtoto wa kiume katika siku hizo. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mikoani, mtu wa kurudi na kuaga. Mtoto alipofika arobaini, siku ya kutolewa nje na kunyolewa nywele za tumboni, kila mtu alimtarajia kinyozi mzee aliyewanyoa watoto wote wa ukoo wetu. Mama akatangaza kwamba atanyoa mjomba.

Shangazi yangu akaweka kikombe chini. "Mtoto mchanga? Kwa mkono ule?"

"Mkono ule umeandikwa jina langu," Mama akasema. "Anyoe."

Nilielewa alichokuwa anafanya. Hakuwa na njia nyingine ya kumrudisha mwanawe kwa watu. Ukimpa mtu kichwa cha mtoto wa siku arobaini, kwenye utosi ambao bado unapumua, mbele ya ukoo na majirani, umeshasema yote. Mimi nilifurahi. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba siku ile nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Alikuja amevaa ile kanzu. Akafungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, tukauona wote. Akamtazama mwanangu, aliyekuwa amelala mapajani mwangu, akasema taratibu, "Bwana mkubwa, tazama." Kisha akaupitisha wembe kwenye kidevu chake mwenyewe. Ulikuwa mkali na yeye alikuwa na wasiwasi, ukamkata kidogo. Akaufuta kwenye kitambaa, akauchovya kwenye bakuli la maji ya marashi, akaanza kumnyoa mtoto.

Wale waliotoka naye jela walijua maana yake. Lile jibaba, aliyekuwa amekuja kula pilau, aliinamisha kichwa kama mtu aliye msikitini. Mimi nilijua maana yake pia. Alikuwa anampa mwanangu heshima kubwa kuliko zote alizozijua. Nyuma ya sikio la kushoto mtoto alitikisika, pakatoka tone la damu. Mama akalibana kwa kidole, akacheka, vigelegele vikapigwa. Tangu siku ile majirani walimwita Mjomba, wakubwa kwa wadogo.

Miaka ikapita vizuri, nami sina mengi ya kusema kuhusu miaka mizuri. Mtoto alifika darasa la nne. Kila Ijumaa alikwenda uchochoroni kupunguzwa nywele kwa mkasi na mjomba wake, na huko alijifunza maneno ambayo sikumtuma kujifunza. Kisha mdogo wangu akaanza kuchoka. Alinyoa watu wawili akaketi kwenye kiti cha wateja. Akajikuna usiku kucha mpaka shuka likawa na damu. Macho yakawa ya manjano, miguu ikavimba, halafu tumbo.

Mtaa wetu ulikuwa na jibu moja tu wakati ule kwa kijana anayekonda. Hawakulitamka, walisema "ule ugonjwa wetu". Alipopimwa hospitali na kuambiwa hana, Mama alipika pilau. Aligawa kila mlango, akisema kwa sauti, "Mwanangu hana." Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi uani, tumbo limesimama mbele yake, akijaribu kumeza punje za wali asimuudhi mama yake. Nilitaka kupiga kelele. Pilau ile niliila.

Mimi niliwashonea blauzi za sari akina mama wa Kihindi wa Upanga, na mmoja wao alikuwa daktari, mwanamke wa makamo mwenye zahanati ndogo chini ya ghorofa aliyokaa. Nilimpelekea mdogo wangu bila kumwambia Mama. Alimminya tumbo, akamtazama macho, akautazama mkono wenye maandishi kwa muda mrefu. Akachukua damu. Kipimo chenyewe hakikuwa kwake, aliituma Nairobi pamoja na za watu wengine, na majibu yaliporudi alituita.

"Ni homa ya ini," alisema. "Ile inayoitwa C. Inaingia kwa damu. Wembe, sindano, chale, yoyote iliyotoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Haina haraka. Inakaa ndani miaka, mtu anabeba magunia, anacheza mpira, hana habari."

"Dawa yake, daktari?"

"Kuna sindano huko Ulaya. Hata kule hawaponi wengi. Hapa sina kitu, fundi. Ningekuwa nacho ningekupa."

Alikuwa amezoea kuniita fundi, nami nilimzoea kama mtu wa kukosoa mikono ya blauzi. Sikuwahi kumwona akikosa la kufanya. Alipanga kalamu zake mezani, akazipangua.

Kisha akamuuliza mdogo wangu ni nani wengine waliotumia wembe mmoja na yeye.

"Selo nzima," akasema mdogo wangu, akaanza kuwataja. Fulani wa Buguruni. Fulani aliyefia humo ndani. Yule jibaba. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayekumbuka timu aliyochezea. Halafu akanyamaza katikati ya jina. Akashika kidevu chake, akanigeukia, na mimi nikajua ameona nini. Nilikuwa nimekiona tayari. Nilikuwa nimekiona tangu daktari aliposema neno wembe.

Daktari alitusikiliza, nikamsimulia habari ya arobaini. Alisema uwezekano ni mdogo, wembe ulikuwa umechovywa majini, tone lilikuwa dogo. Akasema hata hivyo hawezi kuapa. Mtoto anaweza kupimwa. "Lakini jiulize kwanza," akasema, "ukijua, utafanya nini?"

Mimi nilikuwa radhi kutojua. Nasema kweli. Nilitaka kurudi nyumbani, nimtazame mwanangu akila, basi. Mdogo wangu ndiye aliyekataa. Tulipokuwa tukivuka viwanja vya Mnazi Mmoja aliketi chini ghafla kwenye majani, katikati ya watu waliokuwa wakienda zao mjini. "Dada," akasema, "mimi kufa nimeshaelewa. Naomba unipimie mtoto tu. Siwezi kwenda na hili."

Basi nikampeleka mtoto. Nilimdanganya ni sindano ya malaria. Damu ikawekwa kwenye friji ya zahanati ikisubiri safari, umeme ukakatika siku mbili, damu ikaharibika. Daktari aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeukata umeme. Nikampeleka mtoto mara ya pili, akalia sana, akasema malaria gani hii ya kila siku. Damu ikaenda, tukaanza kungoja.

Kila jioni nikirudi kutoka kibarazani nilikoshonea, mdogo wangu aliinua kichwa kwenye mto na kuuliza neno moja. "Bado?" Nami nikajibu, "Bado." Mama alidhani tunazungumzia dawa fulani ya Kihindi. Yeye aliendelea kumnywesha mizizi, maji ya kombe yaliyooshewa aya, asali, chochote kilicholetwa na yeyote. Hatukumwambia. Ungemwambia nini? Kwamba siku aliyomrudisha mwanawe kwa watu ndiyo siku hiyo hiyo mjukuu wake alipoguswa na wembe ule?

Alipokuwa bado ana nguvu za kusimama, mdogo wangu alijikokota hadi sokoni kuwaonya wenzake wa selo. Nilimshika mkono. Aliwakuta kwenye kivuli cha ukuta wakipumzika juu ya magunia, akawaeleza: wembe, damu, ini, nendeni mkapime. Walimsikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa.

Jibaba akasema, "Mshikaji, mimi niko fiti. Nitazame."

Kweli alikuwa fiti. Mdogo wangu, aliyefanana na chupi iliyoanikwa, ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wenye vifua vile kwamba ni wagonjwa. Mmoja akauliza ugonjwa wenyewe unaitwaje kwa Kiswahili, na hatukuwa na jina la kumpa. Wakamchangia za soda.

Mvua zikaanza, bonde la Jangwani likafurika, na kwa siku kadhaa hakuna kilichokwenda wala kurudi. Ijumaa moja asubuhi aliniomba nimnyoe ndevu. Alisema hataki kwenda akiwa mchafu. Nilinunua wembe mpya, nikaweka maji ya moto kwenye bakuli. Mikono yangu inajua mkasi na sindano, wembe haiujui. Nikamkaribia, nikasimama, nikajishika kidevu kwa mkono usio na wembe, sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilikuwa nimesahau niko wapi. Akanishika kiganja kwa vidole vyake vya baridi.

"Usianzie kwako," akasema.

Nikamnyoa. Nilichukua muda mrefu, yeye amefumba macho. Nilipomaliza akaniambia niuvunje wembe na niufukie mbali. Kisha akauliza, "Bado?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikiwa peke yangu kwenye cherehani: majibu yametoka, mtoto mzima. Nikafungua mdomo, na yeye akanitazama kwa yale macho ya manjano, akatikisa kichwa kabla sijasema.

"Usinidanganye, Dada. Ukinidanganya nitajua, halafu nitabaki na yote mawili."

"Bado," nikasema.

Alifariki kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata. Waliomwosha walimsifu kwa uso safi.

Tulikuwa bado hatujafanya arobaini yake daktari aliponitumia mtu. Nilikwenda na nguo zangu za msiba. Hakunikalisha hata kwenye kiti. "Mtoto hana," akasema mlangoni. "Nimewauliza mara mbili. Hana kabisa." Alinishika mabega, na nadhani alitarajia nifurahi. Nilifurahi. Nilijishikilia kwenye fremu ya mlango wake, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikageuka haraka kuondoka, kwa sababu nilikuwa nakimbilia kumwambia mtu, na nikafika getini ndipo nikakumbuka.

Nilivuka Mnazi Mmoja na ile habari njema ikiwa mzigo mikononi mwangu. Mama hakujua kwamba kulikuwa na swali, basi nimpe jibu la nini? Mume alikuwa njiani, Mbeya au Tunduma. Mtoto mwenyewe alijua ni malaria. Nilipita palepale mdogo wangu alipoketi kwenye majani. Nilisema, "Hana." Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu lake akaniuliza, "Unasemaje, dada?" Nikamwambia sisemi naye.

Sikujua ninakwenda wapi mpaka nilipojikuta uchochoroni nyuma ya sokoni. Kiti kilikuwepo. Kioo kilichovunjika kona kilikuwepo. Na nyuma ya kiti alisimama yule jibaba, kitambaa begani. Nilifurahi kumwona, kwa kuwa angalau huyu alimjua, angalau huyu alikuwepo siku ya pilau, angeweza kupokea habari.

"Dada, pole tena na msiba," akasema. "Nimeona kiti kisilale. Mgongo umeanza kuniuma, magunia siyawezi kama zamani. Nachoka choka hivi. Marehemu alikuwa amenifundisha."

Nikamtazama macho. Uchochoro ule hauna mwanga wa kutosha, sikuweza kuona rangi. Kwenye kiti alikuwa ameketi kijana mchuuzi wa soksi, soksi zake bado zinaning'inia begani, mgeni wa mjini kwa dalili zote, akiutazama wembe kwa wasiwasi. Jibaba akatabasamu kumtoa hofu.

"Usiogope, bwana mdogo. Tazama," akasema, akaupeleka wembe kwenye kidevu chake mwenyewe.

"Usianzie kwako," nikasema.

Hakuelewa. Nikarudia, nikamshika mkono, nikamwambia yote tena, wembe, damu, ini, kama marehemu alivyomwambia, na nikasikia sauti yangu ikipanda na watu wakisimama kutazama. Aliuacha mkono wake mkononi mwangu, kwa upole ule ule wa siku ile juu ya magunia. Aliniita mama, akaniambia msiba ni mzito, nikapumzike nyumbani.

"Hii ni heshima yake, Dada," akasema. "Ndivyo alivyotufundisha. Mimi siwezi kuiacha."

Akasubiri nimwachie mkono. Nilipomwachia, akajipitishia wembe kidevuni taratibu, akaufuta kwenye kitambaa, na kijana wa soksi akainamisha kichwa.